Mashine ya Mjomba na Mwiko wa Da Kadzo

Nina kaseti moja kuukuu ambayo haina wimbo hata mmoja ndani yake. Ukiiweka upande wa pili na kuisogeza mbele kidogo, utamsikia mwanamume akizungumzia wali wa nazi, kisha mkwaruzo mdogo, kisha mngurumo: nguruu, nguruu, mzito na mtulivu, kama paka mkubwa aliyeshiba samaki. Watoto wangu wakiusikia hucheka wakaniuliza kama redio imeharibika. Huwaambia nyamazeni, huo mngurumo ndio wimbo wenyewe. Leo nataka niwaeleze ninyi, maana wao hawana subira ya kukaa kitako.

Ni mambo ya miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka tisa, na masikio yangu yalikuwa makubwa kuliko akili yangu. Tulikaa Malindi, mtaa wa Shela, katika nyumba yenye uani wa saruji uliomwagwa ukiinamia mtaroni ili maji yakimbie yenyewe. Mle ndani alikuwamo Bibi, mzaa mama, mtu wa visiwa vya Lamu, aliyekuja Malindi na udi wake na ukali wake. Alikuwamo Mama. Na alikuwamo Baba siku za mwisho wa juma tu, kwa sababu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni. Alikuja Alhamisi mchana na kuondoka Jumamosi alfajiri. Nguo zake za kazi zilikakamaa kwa chumvi hivi kwamba suruali ukiisimamisha pembeni ya ukuta, inasimama.

Aliyezifua suruali hizo ni Da Kadzo. Alikuwa Mgiriama, mjane wa watoto wanne, akija kwa miguu kutoka upande wa Ganda kila Jumatatu na Alhamisi. Alifua kwetu, akimaliza akaenda kwa Bi Zena, nyumba ya pili, na hizo nyumba mbili ndizo zilizowalisha watoto wake. Mimi nilimpenda. Alikuwa na tabia ya kunichagulia povu zuri kuliko yote beseni zima, akaniwekea kiganjani. "Shika, mwanangu. Ulipeleke mpaka mlangoni lisipasuke." Siku zile sikuwahi kulifikisha mlangoni, na hakuwahi kuchoka kunipa jingine.

Basi Mjomba Twalibu, kaka yake Mama, aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni, akatuletea mashine ya kufulia.

Ilikuja kwa lori kutoka Mombasa, ndani ya sanduku la mbao, na mtaa mzima ukatoka kuitazama ikishushwa. Nyeupe pe, na jicho moja kubwa la kioo kifuani. Tumboni mwake, Mjomba alikuwa ameweka taulo mbili, mkebe wa poda, na kaseti iliyofungwa ndani ya soksi. Wakati ule watu wa Uarabuni hawakuandika barua sana. Walijifungia chumbani na redio kaseti, wakabonyeza kitufe chekundu, wakazungumza saa nzima, nawe huku ukaketi na jamaa zako mkamsikiliza kama yupo mkekani. Nusu ya kwanza huwa ni salamu: msalimie fulani, na mkewe, na yule mtoto wao mwenye jicho. Tulimsikiliza Mjomba upande wa kwanza wote. Upande wa pili, alipofika aliposema, "Mama, huku wali upo, lakini wali wako wa nazi, wallahi, naunusa usingizini," Bibi aliangua kilio na kuizima redio.

Na ikawa ndiyo desturi. Kila siku baada ya sala ya alasiri Bibi aliiweka kaseti ile, akaisikiliza, akafika kwenye wali, akalia, akazima. Hakuna aliyewahi kuvuka pale. Mimi nilidhani baada ya wali hakuna kitu.

Siku ya kwanza ya kuiwasha mashine, Bibi alifukiza udi kuizunguka, Mama akatia shuka mbili na suruali ya Baba ya Marereni, Baba akaunga mpira kwenye mfereji. Ikaanza vizuri. Ilizungusha nguo huku na huku kama mtu anayewaza. Tukaketi mbele ya lile jicho kama watu walio sinema. Halafu ikafika kwenye kukamua.

Jamani! Sijui niwafananishie na nini. Ilipiga kelele kama mabati kumi yakiburutwa barabarani. Ikatetemeka, ikaruka, ikaanza kutembea. Naam, kutembea, hatua kwa hatua, ikiufuata mteremko wa saruji, ikauchomoa mpira mferejini, maji yakaruka juu, kuku wakapanda ukutani. Ilisimama mlangoni mwa jikoni waya wake ulipofika mwisho.

"Mgeni huyu hataki kukaa," Bibi akasema.

Baba, mtu wa vipimo, alisema ni sakafu. Aliiwekea vigae upande wa chini, akapima kwa bakuli la maji, akairudisha. Ikatembea tena, na vigae ikavisaga. Juma la pili akaletwa fundi wa mafriji, mtu mnene mwenye kalamu sikioni. Aliizunguka mara tatu, akaguna, akachungulia nyuma. "Aa, mnaona? Bolti hizi nne hazijakazwa barabara. Ndizo zinazolia." Akazikaza zote nne mpaka jasho likamdondoka puani. Mashine ilipowashwa ikapiga kelele maradufu. Fundi alisema atarudi na kifaa kingine, na mpaka leo bado hajarudi.

Hapo ndipo shuku ilipoingia nyumbani. Bibi alikuwa na neno lake moja: "Mimi simshuku mtu. Naangalia tu." Akikuambia hivyo ujue ameshakushuku tangu jana. Alimwangalia fundi, huenda ameiba chuma cha ndani. Alimwangalia Bi Zena, aliyekuja kuitazama mashine na kusema, "Hongereni, Mungu amewapa," bila kutaja mashallah. Alimwangalia hata Mjomba kupitia redio, huenda ametuletea kitu kilichokataliwa na wengine. Mwisho macho yake yakatua pale ambapo hayakuwa na safari ndefu ya kwenda.

Kwa sababu Da Kadzo, peke yake katika nyumba ile, hakuonekana kushangaa. Jumatatu moja mashine ilipokuwa ikilia na sote tumejiziba masikio, yeye alisimama kando, kichwa kakiinamisha, akasema polepole, "Kitu cha ndani hakina nafasi ya kucheza. Kimebanwa."

"Wewe umejuaje?" Bibi akamuuliza.

"Nasikia tu, Bi Mkubwa."

"Unasikia. Sisi sote hatusikii, unasikia wewe."

Da Kadzo akarudi kwenye beseni lake. Nami mara ile ile nikaanza kufanya hesabu zangu. Mashine ikipona, nani atakosa kazi? Si yeye? Mama mwenyewe alikuwa amesema, kwa furaha tu, siku ile sanduku lilipofunguliwa, "Sasa Kadzo atapumzika." Na Da Kadzo alicheka, lakini kicheko kifupi. Nilikikumbuka kile kicheko, nikakigeuza huku na huku kama mtu anayekagua yai.

Msinicheke, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakapokuwa mkubwa nitakuwa msomaji wa habari redioni. Shuleni sikuwa mtu wa maana, hesabu zilinishinda, lakini sauti ya kusoma habari nilikuwa nayo. Na msomaji wa habari lazima apate habari. Nikaanza kumpeleleza.

Alhamisi iliyofuata, adhuhuri, Bibi yuko kwenye sala, Mama yuko dukani, mashine imewashwa na Da Kadzo ameachwa ailinde isitembee. Mimi nilijibanza nyuma ya pipa la maji. Nikamwona akiangalia mlango. Nikamwona akiingia jikoni akatoka na mwiko, ule mkubwa wa kukorogea wali. Akapiga magoti mbele ya mashine. Akaiegemezea ncha ya mwiko ubavuni, na ile ncha nyingine akaitia sikioni mwake. Akafumba macho. Na midomo yake, nawaambieni, ikawa inacheza. Hakutoa sauti. Ilicheza tu, haraka haraka, huku mashine ikitetemeka kama mnyama anayechinjwa.

Nywele zilinisimama. Nilikimbilia ndani nikamngoja Bibi atoe salamu ya mwisho ya sala, nikammwagia yote.

Bibi alikunja msala wake. Alikwenda jikoni, akauchukua ule mwiko kwa ncha ya leso kana kwamba una moto, akauchomeka juu kabisa kwenye makuti ya banda la jikoni. Jioni nikamsikia akimwambia Mama, "Mwisho wa mwezi mwambie asije tena."

"Lakini mama, kafanya nini?"

"Mimi simshuku mtu. Nimesema asije tu."

Nilipaswa kuogopa hapo. Sikuogopa. Nilijiona mtu muhimu. Kesho yake nyumba ilipokuwa tupu nilichukua redio kaseti ya Bibi, nikaipeleka kaseti ya Mjomba mpaka kwenye wali, mahali ambapo nilijua ndipo mwisho wa mambo, nikabonyeza kitufe chekundu na kusoma taarifa yangu ya habari. Nilipomaliza niliisikiliza mara moja tu, nikazima pale niliposema ahsanteni. Na kwa kuwa habari haina raha ikikaa kabatini, nikamhadithia na mjukuu wa Bi Zena chuoni, tukiwa tumeshika juzuu zetu, kwa sauti ya chini. Jumatatu iliyofuata Bi Zena alimwambia Da Kadzo kwamba nguo zao watazifua wenyewe.

Nilimwona akirudi kutoka kule, mapema kuliko kawaida, akapita mbele ya nyumba yetu bila kugeuka. Beseni lake lilikuwa kichwani, tupu.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, Baba amefika kutoka Marereni, Da Kadzo yuko uani akianika nguo zetu za mwisho, mtu mmoja aliyetoka Uarabuni likizo akabisha hodi. Alileta kaseti mpya ya Mjomba, akaenda zake. Mkeka ukatandikwa kwenye baraza ya uani, pale pale karibu na kamba za nguo, redio ikawekwa kati. Salamu, salamu, salamu. Halafu Mjomba akasema:

"Na ile mashine vipi? Nadhani mnaifaidi. Zile bolti nne za nyuma mlizifungua kama nilivyowaeleza mwisho wa kaseti? Maana zile ni za safari tu, kushika pipa la ndani lisigongane melini. Mkiiwasha nazo, itawapigia kelele itawatoa nyumbani!"

Baba akamtazama Mama. Mama akamtazama Bibi.

"Alitueleza lini?" Baba akauliza.

"Mwisho wa kaseti, anasema," Mama akajibu. "Mama, ile kaseti uliwahi kuisikiliza mpaka mwisho?"

Bibi akashika leso yake. "Nitaisikilizaje mpaka mwisho, na wali uko katikati?"

Kaseti ya kwanza ikaletwa. Nilitaka kukimbia, Baba alikuwa amekaa mlangoni. Mjomba akausifu wali wake. Mkwaruzo. Na kisha, kwa sauti nyembamba ya kujivuna ambayo naijua mpaka kesho, redio ikasema:

"Hii ni Sauti ya Uani, kutoka Malindi. Ifuatayo ni taarifa ya habari, anayewasomea ni Rukia binti Athmani. Kwanza muhtasari. Mashine ya Mjomba yaendelea kupiga kelele. Baba asema sakafu imeinama. Na mwanamke mmoja aitwaye Kadzo ashukiwa kuiloga mashine. Sasa habari kwa ukamilifu. Mwandishi wetu, aliyekuwa nyuma ya pipa la maji, ameripoti kwamba Kadzo alionekana akiinong'oneza mashine kwa mwiko…"

Kwenye kamba ya nguo, mikono ya Da Kadzo ilisimama juu ya shuka.

Baba alinyoosha mkono azime. "Iache, Bwana," Da Kadzo akasema. "Iache imalize."

Ikaendelea. Ilikuwa ndefu, Mola wangu, sijui kwa nini nilikuwa nimeifanya ndefu vile. Kadzo hataki mashine ipone. Kadzo hucheka kicheko kifupi. Hali ya hewa: uani ni kavu, isipokuwa karibu na mashine. Hapo kwa kawaida watu wangecheka. Mwisho, "…ahsanteni kwa kunisikiliza," mkwaruzo mwingine, na sauti ya Mjomba ikaibuka katikati ya neno, kama mtu anayetoka chini ya maji:

"…zote nne, kwa spana. Msizitupe, ziwekeni, siku mkihama mtazirudisha. Haya mama. Nakuaga. Usilie."

Bibi aliweka mkono mdomoni. Hakuwa amewahi kuisikia ile "usilie". Mwezi mzima alikuwa akilia maneno machache kabla ya kuambiwa asilie.

Da Kadzo alikuja akasimama ukingoni mwa mkeka, mikono inadondosha maji. "Irudisheni nyuma. Nataka kuisikia tena."

"Kadzo, hakuna haja," Baba akamwambia. "Ni utoto."

"Jina ni langu, Bwana. Niisikie."

Wakairudisha. Akaisikiliza mara ya pili amesimama, macho amefumba, na mimi niliyekuwa nimeinamisha uso nikamwibia jicho, nikaona midomo yake inacheza. Inacheza vile vile kama siku ya mwiko. Nikajua ananiapiza. Hata pale, jamani, hata pale baada ya kuumbuka mbele ya watu wote, mimi bado nilikuwa namshuku.

Baba alileta spana. Bolti zile fundi alikuwa amezikaza kwa nguvu za fedheha, Baba akahangaika nazo mpaka vidole vikachubuka. Da Kadzo akamwelekeza ya kuanza nayo, ya chini kushoto, "hiyo ndiyo iliyobana zaidi, ndiko kulikokuwa kukilia." Zikatoka nne, kila moja ndefu kama kiganja changu. Nguo zikatiwa, mpira ukaungwa. Ilipofika kwenye kukamua tulirudi nyuma sote, kwa mazoea.

Nguruu, nguruu. Basi. Maji ya kwenye bakuli la Baba hayakumwagika.

"Bi Mkubwa," Da Kadzo akasema, "mwiko uko wapi?"

Bibi hakumtazama. Alikwenda bandani, akasimama juu ya kibago, akapapasa makuti, akauchomoa mwiko una vumbi. Aliupangusa kwa leso yake ya kuvaa, akampa. Da Kadzo akaniita. Nilikwenda kama ng'ombe anayevutwa. Akaiweka ncha moja kwenye ubavu wa mashine, nyingine sikioni mwangu. Nilisikia dunia nzima mle: maji, vifungo vya shati, kitu kinachozunguka bila kugusa kitu.

"Marehemu mume wangu," akasema, "alikuwa akiendesha mashine ya kusaga mahindi Mariakani. Hakuwa na spana mbili. Alikuwa na kijiti. Ukisikiliza kwa kijiti, mashine inakuambia pahali inapoumwa. Na ukihesabu mizunguko, unajua inaumwa kila baada ya mingapi. Ndivyo alivyonifundisha. Mino, mimi huyu, nilihesabu tu, mwanangu."

Nililia. Alinifuta kamasi kwa upindo wa leso, lakini povu hakunipa siku ile.

Kisha akamgeukia Bibi. "Kuna jambo moja. Maneno yale ya kwenye kaseti yasikae humu ndani. Mtu hukopesha kaseti. Kaseti hutembea kuliko mashine hii."

"Tutayafuta," Baba akasema, kisha akasita. "Ila Twalibu yuko nyuma yake hapo hapo. Tukipitisha kidogo tu, ile kwaheri yake inaondoka nayo. Redio hii haina cha kuonyesha uko wapi."

Sote tukamwangalia Bibi. Alikuwa ameipata "usilie" kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Na mwanawe alikuwa na miaka minne hajaonekana. Bibi akaikokota redio mpaka mbele ya mashine, akaweka kibago, akaiweka juu yake.

"Futa," akasema. "Futa mpaka mwisho, Kadzo. Na Jumatatu uje."

"Tuiwekee nini juu yake?" Mama akauliza.

"Hiyo mashine," Da Kadzo akajibu. "Si ndiyo mliyokuwa mkiitafutia habari?"

Alipiga magoti. Baba alimtafutia mwanzo, pale wali unapokwisha. Kitufe chekundu kikabonyezwa. Tukakaa kimya watu watano, hata kuku walinyamaza, mashine ikanguruma na kaseti ikazunguka. Da Kadzo alifumba macho, kidole juu ya redio, midomo ikicheza. Tukakaa, tukakaa. Bibi alikuwa ameshaugeuza uso ukutani. Ghafla Da Kadzo akasema, "Basi, imetosha," na akabonyeza.

Hakuna aliyethubutu kusikiliza siku ile. Bibi aliisikiliza peke yake kesho yake, baada ya alasiri, mimi nikiwa mlangoni. Wali. Mkwaruzo. Mngurumo mrefu. "Basi, imetosha." Na papo hapo, bila pengo la hata pumzi moja, "…zote nne, kwa spana. Msizitupe, ziwekeni, siku mkihama mtazirudisha. Haya mama. Nakuaga. Usilie."

Bibi alilia sana. Lakini hakuzima. Baadaye Baba alikivunja kile kijiplastiki cha mgongoni mwa kaseti, maana kikiondoka hairekodi tena, ili asitokee mtangazaji mwingine.

Mimi nikasema moyoni, bahati gani hii! Kwa miaka mingi nilidhani ni bahati. Da Kadzo aliendelea kuja kwetu, mwiko ukaendelea kukoroga wali wetu, na mashine akawa anaiendesha yeye, maana hapakuwa na mwingine aliyeijua. Povu alinirudishia baada ya majuma matatu hivi, nililipeleka mpaka mlangoni. Bibi alinishika mkono tukaenda kwa Bi Zena nikaeleza uongo wangu mbele ya watu wazima. Bi Zena alicheka, akanipa visheti, akasema tumesikia, mwanangu, tumesikia. Lakini Da Kadzo hakuitwa tena katika nyumba ile, si mwezi ule wala mwaka ule. Kwetu neno lilifutika. Kule lilikuwa halimo ndani ya kaseti.

Nilipokuwa mkubwa nilikuja kusikia habari za watu wa bara, huku huku Kilifi, waliofukuzwa makwao kwa neno hilo hilo moja, uchawi, na wazee waliochomewa nyumba. Ndipo nilipofahamu kwa nini Da Kadzo aliganda pale kambani, na kwa nini hakutaka maneno yale yalale humo hata usiku mmoja. Mimi nilikuwa nikicheza redio. Yeye alikuwa akisikia kitu kinachoweza kumfuata mpaka kwa watoto wake.

Na kwa nini alitaka kuisikia mara mbili? Hilo lilinichukua muda zaidi. Nilikuwa nimeketi na kaseti hii jioni moja, mtu mzima nina watoto wangu, mngurumo ukafika mwisho, nikasikia tena lile "basi" linavyoingia sawasawa penye mlango wa Mjomba, wala halimgusi. Nikaweka chini kikombe cha chai. Hakuwa akiniapiza. Alikuwa akihesabu urefu wa uongo wangu, tangu mkwaruzo hata mkwaruzo, apate kuufuta wote asiiguse kwaheri ya mtoto wa mtu. Na mtu mwenyewe ni yule aliyekuwa amemwambia asije tena. Alikuwa ameshaamua hivyo kabla ya kuombwa radhi, mikono bado inadondosha maji ya nguo zetu.

Siku hizi, watoto wakishalala au wakishachoka kunicheka, huiweka. Nafumba macho mngurumo unapoanza, natia kidole hewani, na midomo yangu inacheza kama yake. Nahesabu mpaka nihisi ndipo, nasema basi. Kila mara huwa nimewahi, au nimechelewa.